Ndege na boti: maswali ninayoulizwa kila nikirudi safari

Mimi naishi Unguja, duka liko Kariakoo na mzigo naufuata Dubai, kwa hiyo haipiti wiki sijakanyaga bandari ya Malindi na haipiti miezi miwili sijapanda ndege ya Ghuba. Majirani, wateja, ndugu wa mke wangu, kila mtu ana swali lake na mengi ni yaleyale, nimeona niyaweke sehemu moja. Yanaanza mepesi, yale yenye utata yako chini.

## Kabla hujatoka nyumbani

Tiketi imeandikwa 00:40 tarehe 15. Niende uwanjani lini?

Tarehe 14 usiku! Hili naliweka la kwanza maana limeshaliza watu wengi sana. 00:40 tarehe 15 ni ule usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani tarehe 14 ukishaswali isha na kula uwe njiani, saa tatu na nusu usiku uko kwenye foleni. Ukisubiri mpaka tarehe 15 usiku, ndege yako ilishaondoka usiku uliotangulia.

Na saa za tiketi siyo saa zetu. 03:00 ni saa tisa usiku, siyo saa tatu asubuhi. Hesabu ni ya sita tu: 07:00 ni saa moja asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana, 20:00 ni saa mbili usiku. Jirani yetu mmoja mtu mzima alifika uwanjani saa tatu asubuhi, kanzu imepigwa pasi, sanduku limefungwa kamba, wajukuu wamekuja kumuaga, kumbe ndege iliruka saa tisa usiku wakati yeye amelala. Ilibidi anunue tiketi nyingine. Tangu siku hiyo mtu wa kwetu akinunua tiketi namwandikia kwa mkono juu ya karatasi: siku gani, saa ngapi ya Kiswahili, atoke nyumbani saa ngapi.

Na saa za huko ninakokwenda?

Dubai na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, Doha tuko sawa. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika kila mara, ya kuondoka ni ya huku na ya kufika ni ya kule. Ukiwa na ndege ya kuunganisha usitegemee saa ya mkononi, angalia ubao.

Nifike mapema kiasi gani?

Nje ya nchi saa tatu kabla. Kaunta nyingi zinafunga saa moja kabla ya kuruka na zikifunga hata ulie hawafungui. Ndege za ndani saa moja na nusu inatosha. Boti saa moja, maana kuna foleni ya kukaguliwa na mizigo kupigwa lebo, na ngazi ikishatolewa ndiyo imetolewa.

Nahitaji pasipoti kwenda Zanzibar?

Mtanzania hapana, kitambulisho kinatosha, ila kibebe kweli usiseme kiko kwenye simu. Mgeni lazima pasipoti, hata kama katokea Dar. Na jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho, kama pasipoti inasema Mohamed Salum usikate tiketi ya Mudi, najua tunajuana hivyo lakini ofisa wa getini hakujui.

Halafu tiketi ya boti nunua ofisini au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe. Wale vijana wanaokufuata nje ya geti wakikwambia "boti imejaa, njoo nikusaidie" wapite. Mchukuzi naye mkubaliane bei begi likiwa bado chini, likishapanda begani bei inabadilika.

Powabenki naweka wapi?

Begi la mkononi, kamwe usiweke kwenye sanduku la chini. Betri ya lithiamu ikipata moto ndani ya kabini wahudumu wanaiona na kuizima, ikiwaka chini kwenye mizigo ni hatari kwa wote. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (Wh ni kipimo cha nishati iliyomo kwenye betri). Yako ikiwa imeandikwa mAh 20,000 hiyo ni kama Wh 74, uko salama, ikifika mAh 27,000 uko mpakani kabisa. Na kama maandishi yamefutika wanakunyang'anya kwa sababu hawawezi kujua, kwa hiyo ile ya zamani iliyochubuka iache nyumbani. Emirates tangu 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria na huruhusiwi kuitumia angani, basi chaji simu yako mapema.

Mafuta ya nazi, asali na halua je?

Kwenye begi la mkononi kitu chochote cha majimaji au cha kupaka kisizidi ml 100 kwa chupa, na chupa zote ziingie kwenye kifuko kimoja cha lita 1 kinachoonyesha. Sheria hii imekuja baada ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa London Agosti 2006. Kuna viwanja vimeanza kulegeza kwa sababu ya mashine mpya lakini ukiwa unaunganisha hujui cha katikati kikoje, fuata 100. Halua, achari, asali, siagi ya karanga, zote wanazihesabu kama majimaji, ziweke sanduku la chini. Halua ya kikapu mimi naitia kwenye bati lenye mfuniko, nazungusha gundi ya karatasi, halafu naiviringisha ndani ya kanga katikati ya nguo, na haijawahi kuvuja.

Mifuko ya plastiki ya kubebea usiende nayo. Kenya imepiga marufuku tangu Agosti 2017, Tanzania bara tangu 1 Juni 2019, Rwanda ndiyo walitangulia.

Nampelekea mwanangu Ulaya chakula, nini kinapita?

Mama zetu hapa ndipo wanapoumia, unakuta mtu amekaanga kuku usiku kucha halafu anaona kinatupwa pipani mbele ya macho yake. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka kwetu, hata kama imekaangwa ikakauka. Samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20, kwa hiyo dagaa wakavu pelekeni jamani. Matunda yanataka cheti cha afya ya mimea isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani, maana yake embe na shelisheli hapana lakini nazi ya kukunia mwanao atapata. Uingereza siku hizi wana sheria zao, zicheki mwenyewe kabla.

## Baharini

Dar na Unguja, bora boti au ndege?

Ndege ni dakika 20 hewani, boti ni kama saa mbili au pungufu kidogo. Lakini hesabu mlango kwa mlango. Ukitokea Mji Mkongwe kwenda Kariakoo boti inakushusha katikati ya mji, ndege inakushusha kule kisha unakula foleni ya Barabara ya Nyerere, mwisho wa siku mmefika sawa na aliyepanda boti amelipa kidogo zaidi na kabeba mzigo mwingi zaidi. Mimi napanda boti ya saa moja asubuhi. Ndege naipanda kusi likichafuka au nikiwa na mama yangu ambaye magoti hayamruhusu ngazi zile.

Nikae wapi nisitapike?

Chini, katikati, kuelekea nyuma. Boti inakwenda kama mbao ya pembea, mbele inapanda na kushuka sana, katikati kidogo tu. Juu kuna upepo mzuri lakini kunayumba zaidi, na pale mbele wanapopakimbilia wageni kupiga picha, mkondoni ndiyo hao hao wanaoshika mifuko.

Kinachotapisha ni mgongano: sikio linasema tunakwenda, jicho linatazama kiti cha mbele linasema tumetulia. Kwa hiyo tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, na simu weka mfukoni, kusoma meseji ndiyo kunaua kabisa. Usipande na njaa na usipande umeshiba urojo, kula mkate mkavu na chai ya tangawizi. Dawa ipo (cinnarizine, au dimenhydrinate), lakini ukimeza umeshaanza kuumwa imekula kwako, inatakiwa saa moja mpaka mbili kabla, na mwulize mfamasia maana zinaleta usingizi na haziendi na kila mtu.

Mwezi wa saba uliopita nilikaa karibu na bibi mmoja wa Makunduchi, uso umeshampauka kabla hatujatoka bandarini. Akaniuliza, "Mwanangu, hii itatulia?" Nikamwambia, "Haitulii bibi, ila twende chini kule nyuma." Nikamkalisha katikati, akashika ukwaju wa sukari mdomoni na macho dirishani, wahudumu wanapita na mifuko kulia na kushoto, watu wanaitikia kwa mikono miwili, yeye hata mara moja. Tulipofika alinipa nusu ya ule ukwaju kwenye karatasi nikapeleke kwa wanangu.

Miezi gani bahari ni mbaya?

Kusi, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane. Kaskazi, Disemba mpaka Machi hivi, kuna siku linachapa lakini kwa Dar na Unguja siyo kama kusi. Raha ni maleleji, pale upepo mmoja unaondoka na mwingine haujashika, bahari inakuwa kama mafuta. Ukiwa na mtoto mdogo au mgonjwa na unaweza kuchagua, chagua wakati huo, na chagua boti ya asubuhi, upepo mara nyingi unapanda mchana. Kwenda Pemba ongeza tahadhari, ule mkondo wa Nungwi hauna urafiki.

Ni salama lakini?

Swali hili nalijibu kwa uzito wake. MV Spice Islander ilizama 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, imejaza kupita kiasi, na MV Skagit ikazama 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, katikati ya kusi. Hapa kisiwani kuna nyumba nyingi hazijamaliza msiba ule. Boti za kasi za sasa ni vyombo vingine kabisa, lakini mimi bado nikipanda, kabla ya kukaa natazama jaketi za kuokolea ziko wapi na mlango wa karibu ni upi. Chombo ukikiona kimejaza watu mpaka kwenye ngazi shuka, tiketi utanunua nyingine. Na tangazo la usalama likisomwa nyamaza usikilize, na umnyamazishe anayepiga soga.

## Angani

Masikio yanauma ndege ikishuka, nifanyeje?

Kuna mrija mwembamba kati ya sikio na koo, ndege ikishuka shinikizo linapanda nje na mrija ukiwa umebana ndani hakuingii hewa. Meza mate, tafuna kitu, piga miayo. Ikigoma ziba pua, funga mdomo, sukuma pumzi taratibu, usisukume kwa nguvu. Mtoto mchanga mnyonyeshe wakati wa kushuka, siyo akiwa ameshalala, kumeza ndiko kunakofungua. Ukiwa na mafua makali ahirisha kama unaweza.

Kwa nini chakula cha ndege hakina ladha?

Siyo mpishi peke yake. Ndani ya kabini hewa ni kama uko juu ya mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400 na ni kavu sana, unyevu chini ya asilimia 20, pua inakauka na ulimi unapoteza chumvi na sukari. Nyanya na vitu vya mchuzi mzito vinastahimili. Mimi nabeba pilipili manga na ndimu kavu iliyosagwa kwenye kikaratasi, nanyunyiza juu ya wali na kuku wao na maisha yanaendelea. Chakula cha halali kwenye ndege zisizo za Kiislamu kiombe wakati wa kukata tiketi, kinaitwa MOML kwenye mfumo wao, na uzuri wake mwingine kinaletwa kabla ya wote.

Nibebe nini cha kunifariji safari ndefu?

Kanga! Jozi moja ya kanga, sifanyi utani na mimi ni mwanaume. Upande mmoja unajifunika, blanketi zao nyepesi na kiyoyozi kile kinaingia mifupani, upande wa pili ukiukunja ni mto wa shingo. Uwanjani usiku unatandika unaswali, unatandika tena unalala, ukimwagikiwa chai unajifuta, ukifika inakauka kwa saa moja. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi zote hizo. Yangu ya mama, nyekundu na nyeusi, maneno yamefifia lakini nikiinusa bado ina udi wa nyumbani, na saa nane usiku katikati ya watu 300 usiowajua hicho ni kitu kikubwa.

Vingine: soksi nzito, chupa tupu ya maji ujaze ukishapita ukaguzi, tende saba nane, na kalamu. Ile kalamu ya fomu, utaazimwa na ndege nzima.

Dirishani au njiani?

Safari fupi dirishani, ndefu njiani, uamke kila saa mbili unyooshe miguu bila kumruka mtu, damu ikilala miguuni inaweza kuganda.

Ndege ndogo za Pemba zinanitisha.

Zile za watu 12 au 13 zinatikisika zaidi kwa sababu ni nyepesi, kutikisika siyo kuanguka. Watakupima wewe na begi, mara nyingi kilo 15 tu na wanataka begi laini siyo sanduku gumu. Usione aibu kwenye mizani, rubani anapanga uzito. Na ukiambiwa ukae mbele pembeni yake kubali, mandhari ya pale utayasimulia.

## Mambo yakiharibika

Begi halikutoka kwenye mkanda.

Usitoke ukumbini! Nenda kaunta ya mizigo palepale, wakujazie ripoti ya mzigo usioonekana, wao wanaiita PIR, yenye namba. Mimi mwaka fulani nilitoka, nilikuwa nimechoka nikasema nitarudi kesho, shirika likanizungusha wiki mbili kwa sababu sikuwa na ile namba, sampuli za wateja wangu zote zimo. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika unaandika dai ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea, na likipita siku 21 bila kuonekana linahesabika limepotea. Kikomo cha fidia tangu 28 Disemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), kama dola 2,000 hivi, na unalipwa kwa ushahidi, kwa hiyo weka risiti na piga picha begi likiwa wazi kabla hujalifunga. Hii hutaijutia.

Nguo moja ya kubadili, dawa, chaja na dhahabu daima ziwe begi la mkononi.

Ndege imechelewa saa tano, wananipa maji tu. Nina haki gani?

Inategemea unatokea wapi. Ukitokea uwanja wa Umoja wa Ulaya, hata kwa shirika la Afrika, sheria namba 261 ya 2004 inakulinda: chakula, hoteli ikilazimu kulala, na ukifika ulikokwenda umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa lao, safari ya zaidi ya kilomita 3,500 hiyo ni yuro 600, ingawa ukichelewa chini ya saa nne wanaweza kukata nusu. Hali mbaya ya hewa haihesabiwi. Wengi hawadai kwa kutojua. Kwingine uliza kwa upole na bila kuchoka: chakula, hoteli, ndege mbadala. Na kama umeunganisha, tiketi iwe moja, ukinunua mbili tofauti ya kwanza ikichelewa shirika la pili halidaiwi kitu.

## Meli kubwa za kitalii

Hizi zinazoonekana kama ghorofa baharini, mtu wa kwetu anaweza kupanda?

Anaweza, mimi nimepanda mara mbili nikiwa nimemaliza biashara Dubai. Zinatokea Dubai, Abu Dhabi na Doha msimu wa baridi yao, Novemba mpaka Machi. Kikwazo ni viza: meli ikitoka Dubai ikaenda Muscat ikarudi, umetoka nchini na unaingia tena, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Mediterania ni hivyohivyo na viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya.

Chumba chukua cha katikati na ghorofa za chini, sababu nimeieleza kwenye swali la kutapika. Kisicho na dirisha ni bei nafuu na giza lake unalala kama mtoto.

Gharama gani zinashtukiza?

Bakshishi inakatwa kwa siku kwa kila mtu hata kama hukuombwa. Na simu! Baharini simu inajiunga na mnara wa meli na bili yake inatisha, weka hali ya ndege tangu unapopanda. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, sanitaiza peke yake haiwaui vizuri wadudu wa kuharisha wanaosambaa melini.

Nikichelewa bandarini wananisubiri?

Hapana. Ukienda na matembezi ya meli yenyewe mara nyingi wanasubiri, ukienda peke yako wanakuacha. Saa ifuate ya meli.

## Maswali ya pembeni

Nina mimba, naweza kusafiri?

Ndege nyingi kuanzia wiki ya 28 wanataka barua ya daktari, na mimba ya mtoto mmoja mwisho ni wiki ya 36, mapacha 32. Meli za kitalii ni kali zaidi, wiki 24 na hupandi. Soma masharti ya kampuni yako, barua iwe ya karibuni.

Nimefunga na niko angani, nifuturu lini?

Msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, hilo lijulikane. Ukiamua kufunga, masheikh wengi wanafundisha kwamba unafuata jua unaloliona wewe dirishani, siyo saa ya ulikotoka wala ya mji ulio chini yako. Na kama lilizama ukiwa uwanjani ukafuturu, ndege ikapanda ukaliona tena, swaumu yako imeshatimia.

Ramadhani moja nilitoka Dubai alasiri, ndege inaelekea kusini magharibi, na kwa hiyo jua tunalifuata linatukimbia. Kwa saa ya Dubai watu walishamaliza futari. Dirishani bado kuna duara jekundu limekaa juu ya mawingu halishuki. Nilikuwa na tende mkononi nimeshaitoa kokwa, mzee wa Kiomani pembeni yangu naye na yake, mhudumu ameweka maji hajafungua, safu nzima tunaegemea dirisha moja. Likabaki uzi. Likaondoka. Yule mzee akasema bismillah kwa sauti, na nyuma yetu nikasikia safu baada ya safu wanafungua vikasha.